Baba Lucius na Sifa za Mtu wa Detroit

Jirani yako Bi Halina Wozniak anashikilia mpaka leo kwamba ulikiri. Anasema ilikuwa Sikukuu ya Shukrani ya mwaka jana. Sisi wote tulikuwa jikoni, wewe umelala sebuleni kwenye kile kitanda cha hospitali, televisheni inaonyesha mechi ya Detroit bila sauti, kama ulivyopenda. Yeye alikuwa amekuja na mkate wake wa mbegu, akakaa nawe kidogo ili Mama apate kumwangalia bata mzinga. Anasema ulifumbua macho, ukakigeukia kiti kisichokaliwa na mtu kilichokuwa karibu na dirisha, ukasema maneno mengi kuliko uliyoyasema mwezi mzima. Na yote yalikuwa ya kumsifu Barry Sanders, yule mbeba mpira wa Detroit katika mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia nao mkononi.

"Alikiri," Bi Halina husema, ameshika ua wa waya kwa mikono miwili. "Alisema hajapata kuonekana mbeba mpira kama yule. Mimi mpira siujui, ndiyo maana siwezi kuudanganyia."

Jumapili hii unatimia mwaka tangu ututoke, Baba, na katika mwaka huu wote hakuna neno lililotusumbua kama hilo. Maana wewe ulikuwa mtu wa Jim Brown, mbeba mpira wa zamani wa Cleveland. Aliyekaa nawe kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa aliondoka akilijua hilo, hata kama jina lako lilikuwa limemponyoka.

Tunakukumbuka kwa mambo madogo, maana ndiyo yanayorudi kwanza. Maisha yako ya kazi yote uliyamaliza kwenye chumba cha rangi cha kiwanda cha magari, lakini hatukuwahi kukuona na doa. Ulikuwa ukifika nyumbani unapita mlango wa nyuma, unasugua mikono mpaka kwenye viwiko, ndipo unamshika mtoto. Mama alikuwa akisema, "Lucius, mikono hiyo itachakaa kabla yako." Wewe unajibu, "Ichakae, mradi isimpake mtu."

Theluji ilipoanguka ulikuwa wa kwanza mtaani kusikika na koleo. Ulianza mlangoni petu, ukaenda mpaka kwa Bi Halina, ukaendelea mpaka kona, na watu wakiamka wanakuta njia. Bi Halina alikukataza, akasema yeye si mjane asiye na mkono. Ukamwambia, "Mama, siondoi theluji yako. Nafungua njia yangu ya kwenda kuomba mkate." Sukuma wiki ya bustani yako ilikwenda nyumba nyingi katika mifuko ya karatasi, bila jina, lakini kila mtu aliijua kwa namna ulivyokunja mfuko mara tatu juu.

Watangazaji wa televisheni ulikuwa huwapendi. Ulisema wanapiga kelele kama watu waliolipwa kwa neno. Kwa hiyo picha ilitoka huku, sauti ya redio ikatoka jikoni, na redio ilikuwa mbele kidogo. Tulikuwa tukisikia mtu ameanguka kabla hatujamwona akianguka. Wageni walichanganyikiwa. Wewe ulitabasamu tu, kama mtu anayeona ya kesho.

Na juu ya Jim Brown, hadithi yako ilikuwa moja, nasi hatukuichoka. Ulikuwa mtoto, mjomba wako akakupeleka Cleveland kwa treni, mkapata nafasi nyuma ya nguzo. Uwanja ule wa zamani ulikuwa na nguzo nene za chuma, na aliyekaa nyuma yake aliona nusu ya mchezo. "Mimi nilimwona nusu," ulisema. "Anapokea mpira hapa, naona. Anaingia nyuma ya nguzo, simwoni. Nasikia watu elfu themanini wanavuta pumzi. Halafu anatokea upande wa pili, na wale waliokuwa wakimfukuza hawatokei." Hapo ungetucheka kidogo. "Nyinyi mmemwona mzima kwenye mikanda ya filamu. Lakini mimi ndiye niliyemwona."

Kwetu Toledo mambo haya hayana mwisho. Cleveland iko huku, Detroit iko kule, na nyumba moja inaweza kugawanyika kwenye sahani ya mayai. Nyumba yako iligawanyika mara tatu. Wewe ulikuwa wa Brown. Mdogo wako Hosea, aliyehamia Chicago akiwa kijana na kurudi akiwa na tumbo, alikuwa wa Walter Payton, mbeba mpira wa huko. Na mwanao Cedric, tangu alipojua kusoma namba mgongoni mwa mtu, alikuwa wa Barry Sanders.

Ndipo ukaweka ile kanuni ya meza yako. Huenda meza nyingine haina, lakini kwako ilikuwa sheria: Siku ya Shukrani, sahani zikishaondolewa na pai ikishakatwa, hakuna mtu wa kumsifu wa kwake kabla hajamsifu wa mwenzake. Unasimama, unamsifu yule usiyemtaka, unamsifu kwa haki, wala hukai mpaka mwenye mtu huyo aseme, "Nimeshiba." Asiposema, unaendelea. Ndipo upate ruhusa ya kumtetea wa kwako.

"Kumtukana mtu ni rahisi," ulisema. "Nataka nijue kama macho yako yanaona."

Baba Mdogo Hosea aliichukia kanuni hiyo kama dawa. "Yaani nimetoka Chicago, njia yote ile, nije kumsifu mtu wa Cleveland?"

"Na umsifu vizuri," ukamjibu. "Mwaka jana ulimsifu kama mtu anayesoma risiti."

Wewe ulikuwa mgumu wa kushiba. Ulimwacha Hosea amesimama mpaka krimu ya pai yake ikayeyuka. Lakini zamu yako ilipofika ulimsifu Payton mpaka yeye mwenyewe akainama. Ulisema mtu yule, kwa miaka yote aliyocheza, alikosa mechi moja tu, na kwamba hakutoka nje ya mstari ili kukwepa kugongwa. Alimfuata anayemgonga, akamgonga yeye kwanza. Hosea alikuwa akisema "nimeshiba" huku anatafuta kitambaa.

Kitinda mimba wako, Corinne, alikua kwenye meza hiyo. Alikuwa mdogo, hafiki, akawekewa kitabu cha simu akalie. Alitazama tu. Aliona kwamba Cedric alipokusikia ukimsifu Sanders, uso wake ulikuwa unawaka kabisa, kwa sababu ulimsifu kwa namna ileile uliyomsifu yeye akikimbia katika uwanja wa shule. Siku ya Shukrani moja Sanders aliwapita Chicago kama mtu anayepita kwenye nguo zilizoanikwa, akavuka mstari mara tatu. Hosea akala pai mbili kwa huzuni. Wewe ukamwambia Cedric, "Haya, kijana, leo hata mimi nimekosa la kusema," naye akalala na furaha hiyo mpaka Krismasi. Tunaijua kwa sababu alikuwa akiyarudia maneno yako bafuni.

Cedric mwenyewe alikuwa mbeba mpira. Nani mtaani hakumjua? Watu waliokuwa hawaongei nawe kiwandani walianza kukuletea kahawa Jumatatu. Chuo kikuu kikamchukua, akavaa jezi yao mwaka mmoja. Halafu, kiangazi kile kile ambacho Sanders aliweka mpira chini akiwa bado na nguvu, akaaga kwa karatasi gazetini, Cedric naye akarudi nyumbani na begi lake, akasema harudi tena.

Hukumwuliza kwa nini, Baba. Hatusemi haya kwa kukulaumu. Tunasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na wewe hukupenda mtu apakwe rangi baada ya kufa. Ulisema neno moja tu pale mlangoni: "Umemwiga." Ukaenda kumwagilia sukuma.

Watu walijijibia wenyewe. Kiwandani walisema ni goti. Kanisani walisema ni msichana. Wewe ulisema ni kuiga, na tangu siku hiyo jina la Sanders likawa kama mfupa kooni kwako. Mama alitaka kumwuliza mtoto, ukamwambia, "Odessa, mwache. Akiwa na la kusema atasema." Akaacha.

Shukrani ya mwaka ule ikafika. Cedric akasimama, kwa kanuni, akamsifu Brown vizuri, nawe ukasema umeshiba. Zamu ikawa yako kumsifu Sanders. Hukusimama.

"Baba, zamu yako," Cedric akasema.

"Huyo simsifu."

Hosea akadhani ni mzaha. "He! Mwenye sheria kaivunja sheria!"

"Simsifu," ukarudia. "Mtu aliyeweka mpira chini miguu yake ingali mizima hana sifa."

Cedric hakupandisha sauti. "Na Brown, Baba? Si naye aliuweka chini ndiyo kwanza ana miaka thelathini, bora kuliko wote? Si wewe uliyetufundisha kwamba ile ndiyo heshima, kuondoka kabla hawajakutoa?"

Ukasema, "Brown alikwenda kutafuta kingine. Wako alikwenda nyumbani kulala."

Hapakuwa na mtu mezani, hata Corinne juu ya kitabu chake cha simu, aliyedhani unamsema Sanders. Cedric akakunja kitambaa chake, akakiweka pembeni ya sahani, akambusu Mama, akachukua koti.

Tangu hapo alikuja siku nyingine. Alikuja Krismasi mara mojamoja, alikuja Mama alipofanyiwa upasuaji, alihamia Memphis akapata kazi nzuri kwenye bohari za mtoni, na mkapigiana simu kuulizana juu ya mvua na magari. Shukrani hakuja tena. Nawe kila mwaka uliweka kiti karibu na dirisha, ukisema ni cha kuwekea makoti.

Corinne ameliwaza sana jambo hili akiwa anapanga nguo zako. Wewe ulikuwa mtu mwenye haki. Ulimpa haki Payton, ulimpa haki kila mtu wa timu uliyoichukia. Mtu wa mbali uliweza kumruhusu aondoke akiwa juu, ukamvulia kofia. Wa kwako ukashindwa. Labda ndivyo tulivyo wanadamu. Mgeni akivunja kikombe tunasema pole. Mtoto akivunja tunauliza ana macho gani.

Basi fikiria tulivyoshtuka Bi Halina alipokuja na habari yake. Hakuitoa mapema, aliitoa kiangazi hiki, Corinne akichuma sukuma yako, tena kama kitu kidogo tu. "Hivi yule Barry ni ndugu yenu? Maana baba yako siku ile ya bata mzinga alimsifu sana."

Hosea aliposikia alitaka kuruka ua. "Ndugu yangu! Akiri! Hata akiwa na homa ya kupasua kipimo Lucius hakiri. Yule mama alikuwa anasikiliza redio."

Corinne yeye hakubishana. Alikaa na neno hilo siku kadhaa, kisha akampigia Cedric, akamwambia alivyoambiwa: kwamba wewe, siku zako za mwisho, ulikiri kuwa Sanders ndiye mkubwa. Halafu Cedric akasema, "Mwambie Mama nakuja Shukrani."

Hapo ndipo hofu ilipomwingia Corinne. Alikuwa amemwita mtu kutoka Memphis kwa neno la jirani asiyejua mpira una pembe ngapi. Kama si kweli, kaka yake angekuja kukaa kwenye meza ile ile aliyoikimbia, aambiwe mbele ya watu kwamba baba yake hakumsamehe hata kitandani. Mara mbili alishika simu amwambie asije. Mara mbili akaiweka.

Alikuja, Baba. Ana mvi hapa masikioni, kama zako. Alifika na koti mkononi, akalitazama rundo la makoti kwenye kiti cha dirishani, akaweka lake sakafuni. Mama alimshika uso akamtazama kama mtu anayechagua nyanya, halafu akamwambia, "Umekonda. Kaa."

Bi Halina tulimwalika pia. Alikuja amevaa vizuri kama anayekwenda mahakamani. Tukala. Makaroni ya jibini yalitoka vizuri, mkate wa mahindi uliungua chini kidogo, Hosea akausifu huku anakwangua. Sahani zilipoondolewa, Hosea hakuweza kungoja.

"Haya, Bi Halina. Shahidi asimame."

"Sisimami, nina goti," akasema Bi Halina. "Lakini nasema. Baba yenu alikiri."

"Alisema nini hasa? Maneno yake. Siyo mkate wako, maneno yake."

"Kelele, Hosea," Mama akasema. "Mwache mgeni."

Bi Halina akafumba macho ili akumbuke. "Alisema: yule kijana alikuwa anarudi nyuma ili aende mbele, na watu wazima wanashika hewa. Alisema: akishavuka mstari hachezi ngoma wala harushi mpira. Anampa mwamuzi mkononi, kama mtu anayemrudishia jirani kikombe. Hilo nimelikumbuka kwa sababu aliniangalia, maana kikombe changu kilikuwa kwake."

Hosea akauweka uma wake chini.

"Halafu alisema habari ya yadi kumi. Mwaka wake wa kwanza. Zilibaki yadi kumi awe wa kwanza katika ligi nzima, wakamwambia ingia uzichukue, akakataa. Yule kijana alisema mechi tumeshashinda, waacheni wengine wacheze. Yadi ni nini, sijui. Ila baba yenu alisema: mtu wa namna hiyo mimi sikupata kumwelewa, na kutomwelewa si kosa lake."

Hata Hosea alijua kwamba habari ya yadi kumi haiwezi kutungwa na mama asiyejua yadi ni nini.

"Umeona?" Corinne akamwambia kaka yake polepole. "Ni kweli."

Lakini Cedric alikuwa ameinama mbele, viwiko mezani. "Bi Halina, alipomaliza, akasema nini kuhusu Brown?"

"Hakumtaja."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Alinyamaza. Nikamwuliza unataka maji, akatikisa kichwa. Alikuwa akikitazama kile kiti tu, kama mtu aliyesema hodi. Nikadhani ananiomba nitoe makoti. Nikayatoa. Bado akawa anakitazama. Halafu usingizi ukamchukua."

"Unaona!" Hosea akapiga meza. "Hakukiri! Alikuwa bado hajafika kwa Brown! Nilisema, Lucius hakiri, nilisema mimi!"

"Hakukiri, Baba Mdogo," Cedric akasema. Alikuwa anacheka na huku uso wake umelowa, na hatukujua tushike lipi. "Mzee yule akiri wapi! Ilikuwa zamu yake. Ile aliyoikataa. Aliifanya yote akiwa kitandani, halafu akaningoja."

Bi Halina akatugeukia mmoja mmoja. "Nimesema vibaya?"

"Umesema vizuri kuliko sisi wote," Mama akamwambia, akamwongezea pai.

Cedric akakitazama kiti cha dirishani, kimejaa makoti yetu. Akasema neno lile la kanuni, kwa sauti ya chini. Corinne aliyekaa ubavuni kwake alilisikia, nasi wengine tuliliona midomoni. Ukaridhiwa, Baba. Limechelewa mwaka mmoja, au ukihesabu kwa upande wa pili limechelewa zaidi sana, lakini limesemwa na mwenyewe aliyepaswa kulisema.

Ilikuwa Hosea aliyeturudisha duniani. Alipenga pua kwa kishindo. "Haya, haya. Mzee kamaliza. Sasa wewe kijana, msifu Brown."

"Nilishamsifu."

"Lini? Mwaka ule? Hiyo imeshachacha. Anza upya. Na leo mwenye Brown hayupo, mimi ndiye nitakayeshiba kwa niaba yake, na mimi unanijua."

"Tumbo lote hilo na bado una njaa?"

"Simama, mwanaharamu, usinihesabie tumbo."

"Hosea!" Mama akasema, lakini alikuwa anacheka, mara ya kwanza mwaka huu tumemwona akicheka hivyo.

Cedric akasimama. Alimsifu Brown wako, Baba, kama wewe. Alisema miaka tisa na hakuna mechi moja aliyoikosa. Alisema miaka minane kati ya tisa hiyo hapakuwa na aliyekimbia zaidi yake katika ligi. Akaiga mkono wake ulivyosukuma watu, akakaribia kumwangusha Hosea kitini. Bi Halina alikuwa anapiga makofi bila kujua anampigia nani.

"Na kikubwa kuliko vyote," Cedric akasema, "ni alivyoinuka. Akishaangushwa hakuruka juu. Aliinuka polepole, kila mara, kama mzee anayetoka kitandani. Akarudi kwa wenzake anaburuta miguu. Kila mara, hata kama hakuguswa vizuri. Ili siku atakapoumia kweli..." Akalitazama tone la mchuzi kwenye kitambaa cha meza. "Ili siku atakapoumia kweli, mtu yeyote asijue."

Tulingoja aendelee. Hakuendelea. Alibaki amesimama, mkono mmoja kwenye mgongo wa kiti.

Corinne alimtazama Mama. Mama alikuwa amemtazama Cedric kwa namna ambayo hatujaiona tangu tukiwa na homa za utotoni, pale alipokuwa akituwekea kiganja kwenye paji na kusikiliza.

"Cedric, mwanangu," akasema. "Baba yako hakukuuliza, nami nikamwachia yeye. Tulikosea wote wawili. Sasa nakuuliza mimi. Ule mwaka wa chuo, ilikuwaje? Kwa nini uliacha?"

Cedric akaanza kukusanya vikombe, akaenda navyo jikoni, tukasikia maji. Alivisuuza vyote, akavikausha, hata vile vilivyokuwa safi. Alilala siku mbili, akarekebisha bawaba ya mlango wa nyuma, akazungumza na Hosea habari za magari. Jumamosi alimkumbatia Mama barabarani mpaka Bi Halina akatoka barazani kuona kuna nini. Akaondoka. Safari hii hakuondoka kwa hasira. Sote tuliliona hilo, na tungependa ulijue.

Mama hajamwuliza tena. Anasema swali la mama halirudiwi, linakaa palepale mpaka likute mtu. Lakini simu ikilia jioni huacha alilokuwa akilifanya.

Wanaokuweka moyoni ni mkeo Odessa Gaither. Wanao Cedric, wa Memphis, na Corinne, wa nyumba hii. Mdogo wako Hosea, ambaye bado anasema ni Payton. Jirani yako Halina Wozniak, ambaye sasa anaijua yadi. Na wote waliowahi kukuta njia imefunguliwa asubuhi ya theluji. Utatajwa katika nyumba hii kila siku tutakayokuwa hai, Lucius.

Nawe Cedric, Corinne atakutumia jarida hili la kanisa kwa posta, ulishike mkononi. Mama anakuomba umwambie ilikuwaje. Si lazima iwe mbele ya watu, wala si lazima iwe hadithi ndefu. Mwambie tu.